Karatasi Nyeusi za Mama Mkwe

Mama Gil mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo mama mkwe wangu, Mama Gyeong-tae, atasimama mbele ya darasa la wazee hapa Jeonju asome sentensi yake ya Kiingereza, na mimi nimealikwa, na natamani ardhi ipasuke inimeze. Ana miaka sabini na mbili, shule aliiacha darasa la tatu akalee wadogo zake, na sasa anajifunza maneno kama tulivyojifunza sote, anaandika neno lile lile mpaka karatasi nzima inakuwa nyeusi, na huyu mama, nakwambia, akimaliza upande mmoja anageuza wa pili, mpaka mimi namwonea fahari. Lakini mwezi uliopita ulifika msimu wa kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachusha ya kuliwa majira ya baridi, na kabichi mia mbili za duka letu zinatungoja, nikampigia mwalimu simu nikasema mama anaumwa, na mama nikamwambia darasa limefungwa kwa ukarabati, akasema tu, "Haya mwanangu, lete chumvi," akashinda kwenye kabichi wiki mbili bila kunung'unika. Juzi nimekuta daftari lake liko wazi kwenye meza ya jikoni. Neno la wiki ni *sagacious*, mtu mwenye busara, na kila mwanafunzi amtaje anayemjua. Mama kaandika: "Mkamwana wangu ana busara." Nimelia, Mama Gil. Nimwambie ukweli, au ninyamaze asome kwa furaha yake?

Yeon-hui, Jeonju

Yeon-hui, pole, ingawa aibu hii umeitafuta mwenyewe. Mtu kangoja dawati miaka sitini, wewe unamtoa kwa ajili ya kabichi!

Sasa nikuulize: tangu arudi darasani, unadhani hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Mama Gyeong-tae, umepona?" Nawajua wanawake wa umri huo. Walimuuliza kabla hajavua koti. Anajua, mwanangu. Alijua alipokuwa anaandika, na daftari halikufunguka lenyewe. Angeweza kukufokea mbele ya mumeo, na nani angemlaumu? Yeye kakupa sifa ambayo bado hujaistahili, akakuachia uamuzi. Nimegawa ushauri miaka kumi na tisa na sijawahi kumpa mtu dawa nzuri namna hii.

Basi leo hii, usingoje Alhamisi, mmenyee pea, keti mbele yake, umwambie: "Mama, nilikudanganya." Kabichi usizitaje. Ijumaa funga duka, ukae kiti cha mbele. Akikutaja wewe, au akiwa amekufuta akamtaja jirani, piga makofi yale yale.