Gobore Limeshapona

Kaka Habibu, shikamoo.

Maore nzima hakuna mwenye bahati kama mimi. Gobore lako, lililovunjika ile kinga ya kifyatulio nilipolidondosha nikifukuza nguruwe, limeshapona. Linang'aa kama jino la dhahabu! Mpunga umechanua. Wifi yako Safia, samahani, shemeji yako, anadai samaki wa huko kwako, bwawa la Nyumba ya Mungu.

Ila nina kaswali. Ulipoondoka, ulilishindilia baruti kiasi gani? Maana fundi Mbwambo, kabla ya kuchomelea, alitumbukiza ufito mtutuni, ukaishia njiani. Akapiga kelele, "We Mbaraka, unaniletea mauti karakanani? Limejaa hili!" Akatoka mbio, nami nikampita. Unanijua kwa mbio.

Sasa kifyatulio kiko wazi, hata kuku anaweza kukidonoa. Kulifyatua naogopa, kulitoa baruti sijui. Nimelilaza nyuma ya choo, nimelifunika karai. Watoto wanalala kwa jirani, na mimi kila mbuzi akilia naruka.

Simu yako haipatikani, barua nampa kondakta. Ukiipata panda gari siku hiyohiyo.

Mdogo wako,
Mbaraka.

Kaka, halijapona. Nimekudanganya.