Kidonge Cheupe na Pakiti ya Maskati

Pangani,
Ijumaa, 9 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Sele,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Maskati? Wifi yangu Sabra na watoto hawajambo? Sisi huku, Alhamdulillah, tunapumua, na masika yametunyeshea vya kutosha.

Nina habari ya Mama, ila usishtuke, sasa hajambo kabisa. Ile pakiti yako ya dawa ya presha ilipochelewa, Mama alianza kukata kidonge nusu bila kuniambia. Nusu anameza, nusu anampelekea shoga yake Bi Zuwena, eti tunu ya Maskati hailiwi peke yako! Mwezi uliopita akaanguka akitawadha kwa sala ya adhuhuri. Ndugu yangu, nilijua tumempoteza.

Hospitali tukamkuta Daktari Daniel, yuleyule aliyemwandikia dawa ile miaka yote. Safari hii akaandika jina jingine. Kilipoletwa kidonge, kidogo, cheupe, Mama akasukuma mkono wa nesi. "Chaki hiyo! Mimi natumia dawa ya mwanangu."

Daktari hakukasirika. Akaiweka pakiti yako tupu kando ya ile ya hapa, akaniambia nisome maandishi madogo. Sele, nilisoma mara tatu. Chini ya lile jina kubwa ililopewa na kampuni, jina la dawa yenyewe ni lilelile, na kipimo kilekile! Miaka yote nimeishika mkononi, sikuliona. Subhanallah, kumbe Mola hakuitia shifaa kwenye pakiti.

Daktari naye akamgeukia Mama, akakiri: "Bi Mwatumu, lile jina kubwa niliandika kwa mazoea tu. Siku hizi madaktari tunahimizana kuandika jina la dawa yenyewe, mgonjwa aipate popote, kwa bei anayoiweza." Kisha akatoa mfukoni vidonge vyake, vyeupe vilevile. "Na mimi presha ninayo. Cha leo sijameza." Akakimeza. Mama akamkodolea macho kooni mpaka kikashuka. "Haya, lete. Tukifa, tufe wote!"

Hii ni wiki ya tatu. Jana nesi alipompima alisema presha ya Mama haijapata kutulia hivi. Nililia mbele za watu, sikuona haya.

Basi dawa usitume tena, dukani hapa sokoni ipo. Mwaka huu jilete mwenyewe. Bi Zuwena anakusalimu sana, naye kaenda kupimwa, kaandikiwa zake.

Wala usidhani Mama kaikataa tunu yako. Ile pakiti tupu hakuitupa. Vidonge vya hapa anavitia humohumo, anaiweka chini ya mto. Nilipomuuliza akanijibu, "Dawa ya Mungu, pakiti ya Sele."

Mwenyezi Mungu akufunike kwa rehema zake, akurudishe kwetu Mama angali akikungoja.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Tausi