Mama Anamwona Marehemu Usoni Mwangu, Nami Naishi kwa Maji Matupu

Mama Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie na usinicheke, maana hata kalamu naishika kwa taabu. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka thelathini na minne, nilikuwa mnene wa kutaniwa, wateja wakiniita Godoro, ndipo mteja mmoja mpenda mazoezi akanifundisha kufunga kwa maji tu, nikasema siku tatu basi, lakini siku ya sita mashavu yakazama, nikaingia chumbani kumpa mama uji, na mama, ambaye ugonjwa wa kusahau umemchukua tangu tumzike mdogo wangu miaka miwili iliyopita na hajacheka tangu siku hiyo, akanishika uso kwa mikono miwili akasema, "Umerudi, kitindamimba wangu!" akacheka, akamaliza uji wote. Sikumsahihisha. Kesho yake nikavaa gauni la marehemu, likanikaa.

Leo ni siku ya kumi na moja. Nakunywa lita tano, sita, kwa sababu njaa ikija naizima kwa maji, miguu inakaza, nikisimama chumba kinazunguka, moyo unaruka pigo kisha unapiga mawili kwa pamoja. Yule mteja anasema nitie chumvi kidogo kwenye maji, lakini naogopa itanivimbisha uso, mama anipoteze. Na juzi mchana, wateja wamejaa, nilijitazama kwenye kioo cha kujaribia nguo, nikageuka, na yule wa kiooni akachelewa kugeuka. Sikuogopa, na hilo ndilo linalonitisha. Jana mama kaniuliza, "Mwenzio yule mnene mbona haji siku hizi? Au naye amekufa, mnanificha?"

Nitie chumvi au nisitie?

Godoro wa zamani

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimeinuka kuwasha taa mchana kweupe. Sasa kaa nikugombeze.

Swali la chumvi umelichelewesha. Maji ni uhai, sawa, lakini lita sita bila chakula zinaizimua damu kama mchuzi unaoongezwa maji kila mgeni akibisha hodi. Chumvi na madini yanayoendesha moyo na akili yanapungua, misuli inakaza, moyo unakosea hesabu, macho yanaona ambacho hakipo. Madini hayo mengine hayamo kwenye kopo lako la jikoni, kwa hiyo usijitibu kwa kijiko. Mdogo wako hayumo kiooni, mwanangu. Amelala mlikomlaza.

Tena umeniuliza habari za chumvi, hukuniuliza habari za mama. Mwanamke huyo amezika mmoja, sasa anamtafuta wa pili, na wewe umekaa mbele yake na gauni la marehemu, kimya! Umempa furaha ya bakuli moja la uji na kumnyang'anya mtoto aliyebaki. Nimekasirika, nakwambia wazi.

Acha cherehani sasa hivi. Nenda hospitali leo, na usiende peke yako. Watajie siku ulizokaa bila kula na maji uliyokunywa, wakupime damu na moyo. Usithubutu kuufungua mfungo huo nyumbani kwa sahani iliyojaa, maana mwili uliozoea njaa ukishindiliwa ghafla unaweza kukata roho mdomo ukiwa bado unatafuna. Chakula kirudi kidogo kidogo, daktari akiangalia. Yule mteja mshonee nguo, ushauri wake avae mwenyewe. Ukipata nguvu, ingia kwa mama na nguo zako, umtajie jina lako. Akilia, lieni wote.

Nimemaliza na wewe, ila sijatulia. Barua yako imekaa njiani siku nane, na hukuandika simu wala mtaa. Basi wewe msomaji mwingine, kama unamjua fundi cherehani anayemuuguza mama yake, aliyekonda ghafla, weka gazeti chini ukagonge mlango wake. Usipojibiwa, uvunje.