Siku ya Arobaini Yako Salma Alikwenda Shule

Mama, shikamoo.

Najua huwezi kuitikia, lakini sina mwingine wa kumuuliza. Kila ninayemuuliza hapa Mansfield, huku Marekani, ananichanganya zaidi.

Unakumbuka mwalimu mkuu alivyokuwa akinirudisha nyumbani kwa ajili ya ada? Ulikuwa unajifunga khanga, unanishika mkono, tunarudi hadi darasani. "Kaa hapo," uliniambia mbele ya darasa zima. "Ada nitaileta." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Huku ni kinyume, Mama. Ulipofariki nilimweka mjukuu wako Salma nyumbani siku zote za matanga. Mtoto alikuwa analia bibi, bibi, ningempelekaje? Shule ikapiga simu. Yule dada wa ofisini akanipa pole, halafu akauliza kwa upole Salma atarudi lini. Eti shule hupewa fedha kwa watoto wanaohudhuria, na watoto wenyewe wamepungua. Nyumba zimekuwa ghali, familia changa zinahama. Walimu wanapunguzwa, na mwalimu wa Salma, yule aliyemfundisha kusoma, hajui kama mwakani ana kazi. Jamani! Mimi nilifukuzwa kwa kukosa ada, mwanangu anabembelezwa arudi ili shule ipate fedha. Nielewe nini hapo?

Arobaini yako ikaangukia katikati ya wiki. Kaka alipiga simu kutoka Houston.

"Mje kwangu Alief, hitma ni adhuhuri."

"Salma ana shule, Kaka."

"Shule? Arobaini ya Mama, wewe unaniambia shule?" Akakata simu.

Salma alikuwa amesikia. Akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba tukienda, mwalimu wake atafukuzwa. Nikabaki. Nilikusomea Yasini peke yangu jikoni, huku nalia.

Jana jioni wakubwa wa shule walikutana, wakanyoosha mikono kupiga kura. Shule inafungwa muhula huu ukiisha. Mwalimu hajaambiwa aende wapi. Kaka bado hapokei simu zangu. Mama, nilikosea? Sijui hata nimkasirikie nani.

Nimemweleza Salma. Akaniuliza kama asipokosa hata siku moja watabadili mawazo. Nikamfunika blanketi, nikazima taa. Leo asubuhi nimemkuta mlangoni, amejivalisha viatu, begi mgongoni, ananihimiza tusichelewe.

Mungu akulaze pema. Kama una hasira, niwekee mimi, mtoto muache.

Kitinda mimba wako