Cherehani Juu ya Blanketi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, pamoja na za wanao watatu waliojazana mezani hapa, kila mmoja akitaka zake zitangulie. U hali gani? Kile kikohozi cha vumbi la kokoto kimekuachia, au bado unakibembeleza kwa chai? Sisi ni wazima, hatuumwi wala hatulali njaa. Lakini nikisema roho yangu imetulia nitakuwa nakudanganya, na njia ya mwongo ni fupi.

Ningekupigia simu, ila nakujua. Neno la pili tu ungekata. Barua hata ukiikunja kwa hasira, baadaye utaikunjua. Ndiyo maana nimemwomba dereva wa lori la saruji akukabidhi mkononi kabla ya Jumamosi, kabla hujapanda gari kuja kumchukua mwanao Jiwe umpeleke shule ya bweni. Tafadhali isome yote, na uisome ukiwa umekaa.

Unajua kazi yangu, hasa msimu huu wa sare za shule. Chumba ni kimoja, cherehani iko dirishani, vitambaa vimejaa mpaka kitandani, na watoto watatu hawana mchezo hata mmoja unaowatosha wote. Dada mtu ana miaka kumi, anataka michezo ya akili. Jiwe ana sita, anataka kurukaruka. Kidonge hajatimiza miwili, yeye anataka kula vifungo. Nikiwapa karata, Kidonge anazitafuna. Nikiwapa mpira wa matambara, dada mtu anasema huo ni utoto. Kutwa nzima ni shangazi huku, shangazi kule, mpaka siku moja nikashona mfuko wa shati mgongoni.

Basi nikabuni mchezo wangu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga na sakafu yetu huku ghorofani ni ya mbao, kwa hiyo nikianza kazi chumba kizima kinatetemeka. Nikawaambia cherehani ikilia wacheze, ikinyamaza wagande. Kila mmoja nikampimia sheria yake kama ninavyopima wateja. Dada mtu afumbe macho, na agande kwa mguu mmoja. Jiwe aelekee ukutani, agandie hapohapo alipo. Kidonge akikaa chini tu, kashinda. Kaka, sare zilishoneka! Na bingwa alikuwa Jiwe. Mguu wangu ukitua, naye ametua. Nikajisemea, kumbe huyu mtoto tunayesema haambiliki, akitaka anatii.

Kisha akaja mlinzi anayeishi chumba cha chini, macho mekundu. Alisema kwa adabu zote kwamba yeye hukesha kazini na kulala mchana, na sasa dari lake limekuwa uwanja wa mpira. Niliona haya. Nikakunja blanketi kuukuu, nikaliweka chini ya miguu ya cherehani, watoto wakavua viatu, mchezo ukaendelea.

Siku hiyo Jiwe alishindwa. Cherehani ilinyamaza, dada yake akaganda, Kidonge akakaa, yeye akaendelea kucheza na ukuta wake. Nikamwita. Akaendelea. Nikamwita kwa ukali, na hakugeuka. Hapo damu ikanipanda. Nikakumbuka maneno yako, kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na kwamba mtoto anayemnyamazia baba yake kwenye simu dawa yake ni bweni lenye viboko. Nikainuka na rula ya mbao mkononi.

Dada yake akaniwahi. Alipiga kisigino sakafuni mara mbili, na Jiwe akageuka papo hapo, akaganda, anatabasamu. Kisha akaiona rula, na tabasamu likamtoka.

Nilimwuliza dada mtu ile ilikuwa nini. Alianza kulia kabla sijamaliza swali. Akanieleza kwa kwikwi kwamba tangu ile homa kali ya mwaka jana mdogo wake hasikii vizuri, na kwamba kila mchezo wao ameutilia alama. Wakijificha, badala ya kuita anapunga kitambaa. Mezani nikisema jambo, anamgusa mguu. Alituficha sote kwa sababu, siku tulipomzika mama yao, alikusikia ukisema kwamba mtoto atakayekushinda utamtenga na wenzake. Mtoto wa miaka kumi, kaka, amebeba hilo peke yake.

Sikutaka kuamini. Nikaliondoa blanketi, nikamgeuza Jiwe ukutani, nikakanyaga. Alicheza. Nilipoacha, akaganda. Nikalirudisha blanketi, nikamgusa bega aanze, nikakanyaga na kuacha, naye akaendelea kucheza. Nikarudia mara tatu, ikawa vilevile. Hakuwahi kuisikia cherehani. Alikuwa anaisikiliza kwa nyayo.

Sasa nikuungamie. Sikukuomba ruhusa. Nilimpeleka hospitali, na daktari wa masikio amesema la kushoto halisikii kabisa, la kulia linasikia kidogo, na kuna kifaa kitakachomsaidia. Amesema pia kwamba anachokihitaji sasa kuliko vyote ni watu aliowazoea, ambao midomo yao anaijua. Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja ofisi ya bweni, nikaifuta nafasi yake na kutia saini yangu. Najua wewe ndiye baba. Najua pia nimevuka mpaka. Niliogopa njia nzima, na hata sasa ninavyoandika naogopa. Ukija kugombana, gombana na mimi, mtoto mwache. Rula bado ninayo.

Na lile la simu, kaka, ndilo linaloninyima usingizi. Hakuwa anakunyamazia. Kila ulipopiga alikuwa anaibana simu sikioni kwa mikono miwili, anangoja uanze kusema.

Msalimie mpishi wa kambi na wote wanaokuuliza habari zetu. Kidonge anakuletea salamu kwa alama ya kidole chenye wino, usidhani ni uchafu. Dada mtu anakusalimu, ila ananiuliza kila saa kama umekasirika, na sijui nimjibu nini.

Jumamosi ukifika, usimwite Jiwe kutoka mlangoni, na viatu vyako vizito vya kazini usivivue. Simama kizingitini, upige kisigino kwenye mbao mara mbili. Mlinzi wa chini nimeshamwomba radhi.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi wa ghorofani