Siku Tuliyompeleka Baba na Mot Maporomokoni

Bryn Celyn, Bala
Mwanzoni mwa Septemba

Mdogo wangu mpendwa Gethin,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote, wewe na wifi yangu Ngaire na huyo Ianto wenu mchanga. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba mtoto sasa anawaacha mlale. Huko Nyuzilandi nadhani baridi inaanza kuwaachia. Huku kwetu mvua haijaamua kama inakuja au inaondoka. Sisi hatujambo. Shemeji yako Emrys anakohoa kidogo kwa vumbi la nyasi kavu, mpwa wako Mabli amepoteza meno mawili ya mbele, na Mot, mbwa wa Baba, pamoja na uzee wake, bado anaamini kwamba kila kondoo wa Wales yuko chini ya mamlaka yake.

Habari za Baba ndizo zilizonikalisha kuandika. Kwenye simu ungenikatiza.

Unajua kwamba tangu Mama atutoke hakutaka kwenda popote. Kila Jumamosi ya likizo tulifunga mikate, tukavaa mabuti, tukaenda kumgongea mlango kule nyumba ya chini. Naye kila Jumamosi alijibu kwamba milima hii ameitazama miaka sabini na haijafanya jipya lolote. Emrys aliuita ukaidi. Mimi niliuita msiba, nikamwachia.

Aliyemtoa ni Mabli. Alimwambia kwamba treni ndogo ya moshi kando ya ziwa inaruhusu mbwa, ila mbwa lazima asindikizwe na mwenyewe. Kanuni hiyo aliitunga palepale. Baba akasema basi atakwenda, si kwa ajili yetu, kwa ajili ya Mot.

Ilikuwa siku njema tangu asubuhi. Behewa lilijaa watoto na mbwa waliolowa manyoya, na Mot alilala chini ya benchi kama mzee wa kanisa aliyekwazwa na vijana. Kule mwisho wa reli tuliingia mgahawani kwa Beti, yule aliyekuwa akiimba na Mama kanisani. Siku hizi ameweka bakuli la maji mlangoni na kopo la biskuti za mbwa karibu na sanduku la fedha. Alipomwona Baba alishika kiuno.

"Idwal, nilidhani umekufa ukasahau kutualika."

"Ningekualika, Beti," Baba alisema, "ila nilijua ungekuja kwa ajili ya chakula tu."

Watu wote wakacheka. Sikuwa nimemsikia akitania hivyo tangu mazishi. Beti alipomletea orodha ya vyakula, aliisukuma kwa Mabli, akamwambia asome ili tujue kama shule inamfundisha chochote. Mabli akasoma yote, mpaka bei ya chumvi, ambayo haikuandikwa. Sikuona ajabu yoyote.

Baada ya chai tukashika njia ya maporomoko, kupitia malisho. Mot alikuwa amefungwa kamba kwa sababu ya kondoo, na Baba aliishika, akitembea vizuri kuliko nilivyotarajia. Tulipovuka malango mawili, Mabli akaomba kamba akimbie naye hadi darajani. Baba alisita, lakini akampa. Emrys akawafuata mbio. Mimi nilikuwa nimebaki nyuma nikifunga lango.

Nilipogeuka nikamwona Baba amesimama akizungumza. Mbele yake palikuwa na nguzo ya ua, na juu yake mtu alikuwa ametundika koti jekundu lililookotwa njiani, kama watu wanavyofanya ili mwenyewe alione. Langu nililovaa lilikuwa jekundu pia.

"Nerys," aliliambia lile koti kwa sauti ya chini, "mwite mtoto amrudishe Mot. Siwezi kushuka bila yeye. Sioni ninapokanyaga."

Nikamkaribia taratibu, nikamshika mkono, nikamwambia niko hapa. Alinyoosha mkono wa pili akapapasa koti, kisha nguzo, akaelewa.

"Angalau yeye hakunikatiza," akasema.

Tukacheka wote wawili, kisha tukakaa kwenye jiwe nikalia, naye akaniacha nilie.

Hapo ndipo aliponieleza. Tangu majira ya baridi yaliyopita macho yamejaa ukungu. Nyumbani anajua kila ngazi, na nje anafuata kamba ya Mot. Aliogopa kwamba tukijua tutamhamishia mjini, na Mot apewe mtu mwingine. Na zile picha za Ianto ambazo hakuwahi kukutajia, nawe ukaniambia bado amekukasirikia kwa kuliacha shamba: alizipeleka dirishani kila asubuhi, akazigeuza huku na huku, akaona weupe tu. Aliona haya kumwomba mtu amweleze sura ya mjukuu wake. Hana hasira na wewe, mdogo wangu. Nadhani hajawahi kuwa nayo.

Wiki iliyofuata nilimpeleka kwa daktari wa macho. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia atapasuliwa Oktoba, na daktari ana matumaini makubwa. La kushoto lina ugonjwa mwingine pia, na hakutuahidi kitu. Baba alisema moja linatosha kwa mtu ambaye kondoo wake wameshauzwa. Nimemwahidi kwamba hahami, wala Mot hahami.

Jumamosi hatumgongei tena mlango. Tunamkuta ameshavaa buti, analalamika kwamba tumechelewa.

Anakuomba uje na familia yako kabla ya wana-kondoo kuzaliwa. Nilipomsomea mpaka hapa amesema niongeze kwamba picha ziko juu ya redio, na kwamba hataki nimweleze lolote. Atamtazama mtoto mwenyewe.

Msalimie sana Ngaire, na umbusu Ianto kwa niaba ya shangazi yake. Emrys na Mabli wanawakumbuka. Mot angewasalimu pia, ila amekwenda na Baba hadi lango la chini.

Dada yako akupendaye,
Nerys