Priza ya Mama Hadija

Gisenyi, Jumanne, 1958

Mama Hadija alisema ni mikono yake iliyokuwa na maji, nami nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma.

Asubuhi nilifunga priza kwake, mshonaji wa mtaa wa Nengo, ili aache pasi ya makaa atumie ya umeme. Waya zilikuwa tatu, na siku hizi ndani ya nyumba rangi zote naziona kijivu. Nilibahatisha. Alipoishika tu ile pasi alipiga kelele, akaanguka, kiganja kimeungua.

Nilikata umeme, nikaitazama priza kwa mwanga wa dirishani. Waya wa moto nilikuwa nimeufunga mahali pa waya wa ardhi, umeme ukaingia kwenye chuma cha pasi. Nikarekebisha kimya kimya, nikaondoka.

Alasiri nikarudi kwake.

"Mama Hadija, haikukuwa maji. Ni mi nilikosea. Macho yangu..."

Aliangalia kitambaa alichojifunga mkononi. "Nilijua, fundi. Nilikuona unapapasa zile waya. Nilikuwa nangoja useme."

Nikaomba msamaha.

"Nimekusamehe. Lakini usifunge tena umeme kwa mutu. Mi nimepona. Mwingine atakufa."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana.

Ni kweli, nimelijua tangu mvua zilizopita. Sijui kazi nyingine.

Mke wangu ameniuliza kesho naenda nyumba ya nani. Nimemwambia kesho hakuna kazi. Kwamba hata kesho kutwa haitakuwapo, sikuweza kumwambia.